Mwisho Ngapi

Mimi ni mtoto wa mnada, sifichi.
Pale Kiborloni naijua bei kabla belo halijapasuliwa:
nalibonyeza ubavuni kwa kiganja,
nasikia kama ni makoti ya baridi
au mashuka yaliyochoka.
Mteja akisema elfu tatu, nasema nane,
tunatazamana, tunakutana tano,
kila mmoja anaondoka akidhani kampunja mwenzie.
Hiyo ndiyo haki niliyoijua miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo shemeji yangu Ndewario aliponijia
na fomu za ule mpango wa serikali
nilimcheka mbele ya wateja.
Serikali, nikamwambia, ijenge kwanza choo cha soko.
Tunaambiwa bajeti ijayo tangu Ndekirwa akiwa tumboni,
na Ndekirwa sasa ananyoa ndevu.

Nikakata bima ya kampuni.
Binti wao alinukia vizuri,
alivuka matope ya mnada na viatu vyeupe,
akaniita mama, akaniita mteja wa thamani.
Karatasi kumi na mbili.
Nilisaini ya mwisho.

Masika, Aminieli akaanguka shambani Uru,
mkungu wa ndizi ungali begani.
Figo, daktari akasema.
Neno la silabi mbili,
moja kwa kila figo iliyokufa.

Dirishani nikatoa kadi yangu ya rangi ya dhahabu.
Kijana akaipitisha kwenye mashine, akapiga simu, akasikiliza,
akanirudishia kwa vidole viwili kama risiti ya jana.
“Ugonjwa huu, mama, umetajwa ukurasa wa tisa.
Hawaulipii.”
Kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki.
Nikauliza bei. Akaitaja.
Na mimi, Mama Ndekirwa, ninayeshusha bei ya koti mpaka lilie,
nikafungua mdomo nibishane,
nikakuta hakuna wa kubishana naye.
Mnadani silaha ya mnunuzi ni moja: kuondoka.
Ukigeuza mgongo, muuzaji atakuita.
Sasa nigeuke niende wapi,
na kitandani nimemwacha nani?

Kitanda cha pili alilala mwalimu mstaafu, Bi Anasia.
Kadi ya serikali ilimlipia mashine, senti hakutoa.
Ila sindano ya kuongeza damu,
iliyomo kwenye orodha, iliyopigwa muhuri,
haikuwepo. Wiki ya tatu.
Bohari hawajaleta.
Binti yake akainunua duka la ng'ambo ya geti,
ambako soko lilikuwa limekaa,
mikono kifuani, likimsubiri.
Bi Anasia akanicheka kwa sauti ya ubaoni:
“Wewe umenunua koti lisilo na mikono.
Mimi nimepewa mikono, koti liko njiani.”

Usiku ule Aminieli akawa anaongea maji.
Mfereji wa ukoo wao, uliochimbwa na babu zake kutoka msituni,
zamu kwa zamu, asiyekuja kuuzibua akitozwa pombe.
“Mgomba wako ukikauka,” alisema,
“hakuna aliyeuliza ni kosa la nani. Ulifunguliwa.”
Nikamkumbusha: wa juu walikuwa wakiziba gizani.
“Ndiyo. Tukaweka mlinzi.”
“Naye alilindwa na nani?”
Akanitazama muda mrefu.
Mashine ikalia, muuguzi akaja,
swali likabaki pale katikati ya mirija.

Nimeuza mabelo sita. Na meza.
Jumatatu nikamfuata Ndewario ofisini kwake, ghorofa ya pili,
mtandao unasumbua, feni haizunguki.
Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.
Nikajaza jina, umri, kijiji.
Penye kazi nikaandika mfanyabiashara,
wino ukakwama kwenye herufi ya mwisho.
Akanisomea kiasi cha kulipa,
akasema kadi ikitoka itabidi kusubiri kidogo kabla haijaanza kufanya kazi.
Kidogo ni siku ngapi, hakusema.
Nikahesabu: mara tatu kwa wiki.

Nami, kwa mazoea tu, ulimi ukanitangulia:
“Mwisho ngapi?”